"Umechelewa": Historia ya Kupanua Taya la Juu kwa Mtu Mzima

Hebu fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya juu, kisha irudishe nyuma taratibu ukipita katikati ya kaakaa. Utagusa mstari, kama tuta dogo la nyama. Juu ya tuta hilo, ndani zaidi, kuna mahali ambapo mifupa miwili inakutana. Ndiyo, miwili. Taya lako la juu halikuanza kama mfupa mmoja. Ni pande mbili, wa kulia na wa kushoto, zilizounganishwa katikati kama pande mbili za kanzu. Na jina la mahali hapo ni hilohilo la fundi cherehani: mshono.

Mimi nilisikia habari za mshono huo siku niliyoambiwa kwamba wangu umeshafunga. Nilikuwa na miaka 26, na nilienda kliniki kwa sababu ya gego lililokuwa linaniuma. Daktari akaniambia nifunge mdomo, nifungue, nifunge tena. Akasema, "Dada, taya lako la juu ni jembamba. Magego yako ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini, na ilitakiwa iwe kinyume. Una miaka mingapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Ungeletwa ukiwa na miaka kumi na mbili tungekusaidia. Sasa umechelewa."

Hakupiga picha yoyote ya taya. Aliuliza umri tu.

Mimi si daktari wa meno. Shahada yangu ya uzamili ilihusu namna mfupa unavyojijenga baada ya kuvunjika, na labda ndiyo maana neno lile lilinikera kuliko hata gego lenyewe. Nimechelewa kwa kipimo gani? Nani alipima, lini, kwa mfupa wa nani? Nikaanza kusoma kurudi nyuma. Nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka 160 ambamo neno "haiwezekani" limesemwa mara nyingi, na kila mara mpaka wake ukasogezwa na mtu aliyeenda kuutazama mfupa wenyewe. Nataka tuipitie pamoja, kwa sababu huenda wewe au ndugu yako mmeshaambiwa kama nilivyoambiwa mimi.

Kwanza, upana una kazi gani?

Kaakaa lina kazi mbili kwa wakati mmoja: ni paa la kinywa na ni sakafu ya pua. Paa likiwa jembamba, mara nyingi linakuwa refu kwenda juu kama paa la msonge, na chumba cha juu yake, yaani pua, kinabanwa. Huku chini meno yanakosa nafasi, yanabebana. Magego ya juu yakiingia ndani ya yale ya chini, mtu huzoea kusogeza taya la chini pembeni ili apate pa kutafunia.

Si kila mwenye kaakaa jembamba ni mgonjwa. Wapo wanaoishi nalo maisha yote bila shida. Lakini kwa wengine ni kutafuna kwa shida, ufizi unaosogea, kupumua kwa mdomo, na wakati mwingine kukoroma. Kwa mtoto dawa yake inajulikana. Kwa mtu mzima ndipo ubishi ulipo.

1860: binti na ufunguo wake

Mwaka 1860, daktari wa meno wa San Francisco aitwaye Emerson Angell aliandika katika jarida la Dental Cosmos habari ya binti wa miaka 14 na miezi mitano ambaye meno yake yalikosa nafasi. Badala ya kung'oa, Angell alitengeneza kifaa chenye skrubu kilichopita katikati ya kaakaa na kushika magego madogo ya pande zote mbili. Akampa binti ufunguo, akamwambia awe anaizungusha skrubu mwenyewe.

Baada ya wiki mbili, meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana. Katikati palikuwa na mwanya ambao haukuwepo.

Mwanya huo ndio jambo la kushika katika historia hii nzima. Kwetu mwanya ni urembo. Watu wanausifia katika nyimbo na kuutaja wanapochumbia. Hapa mwanya ni ushahidi. Skrubu haikugusa meno ya mbele kabisa. Kama yameachana yenyewe, maana yake ni kwamba mfupa unaoyabeba umegawanyika katikati, na kila upande umeondoka na jino lake. Angell aliandika hivyo: pande mbili za taya zimetengana.

Wenzake hawakukubali. Wahariri wa jarida lilelile walilitilia shaka dai hilo. Na tusiwacheke, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeweza kuona ndani ya mtu aliye hai. Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, miaka 35 baadaye. Angell alikuwa na mwanya tu wa kuonyesha, na mwanya haukutosha.

Eksirei ilipokuja, swali la kama mshono unaweza kufunguka lilipata jibu: unaweza. Mwanzoni mwa karne ya 20 hata madaktari wa pua walivutiwa na njia hii kwa sababu ya ile sakafu ya pua. Lakini nchini Marekani fani ya kupanga meno ilikuwa inakua chini ya kivuli cha Edward Angle, aliyeamini kwamba ukiyapanga meno vizuri kwa waya na yakafanya kazi yake, mfupa utafuata wenyewe. Kupasua mshono kukaonekana ni ukatili usio na sababu. Njia ya Angell ikalala Marekani kwa miongo kadhaa, huku Ulaya baadhi ya madaktari wakiendelea kuitumia.

1961: nguruwe wa Illinois

Aliyeiamsha ni Andrew Haas, kijana aliyekuwa anasomea kupanga meno katika Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1950. Alianza na nguruwe. Aliwafunga vifaa vya kupanua kaakaa na kuona kwamba mshono wao ulifunguka kwa urahisi uliomshangaza. Kisha akaenda kwa binadamu, na mwaka 1961 akachapisha kazi iliyobadilisha fani. Kaakaa lilipanuka, pua nayo ikapanuka, na eksirei zilikuwepo za kuonyesha pengo katikati. Safari hii hakuna aliyeweza kusema ni maneno matupu.

Kuanzia hapo kumpanulia mtoto taya likawa jambo la kawaida. Kifaa kikafanyiwa marekebisho, skrubu ikabaki kuwa ileile kwa wazo: mzazi au mtoto anaizungusha kwa ufunguo, kila mzunguko mdogo ukiongeza kama robo milimita.

Halafu wakajaribu kwa watu wazima, na hapo mambo yakaharibika. Skrubu ilizunguka lakini mwanya haukutokea. Badala yake kulikuwa na maumivu na uvimbe, na magego yakaanza kulalia nje kama nguzo za uzio zilizosukumwa na ng'ombe. Meno yamehama, mfupa umebaki palepale. Mengine yalitoboka nje ya mfupa wa shavuni, ufizi ukashuka na mizizi ikaonekana.

Hapo ndipo "umechelewa" ya siku hizi ilipozaliwa. Na haikuzaliwa kwa ubaya. Ilitokana na watu walioumia.

Mlango haukukwama kwenye kitasa

Kila mtu alidhani anajua sababu: mshono wa katikati umefunga. Lakini mwaka 1964 Robert Isaacson na wenzake walifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla. Walitengeneza kifaa cha kupanulia ambacho ndani yake kilikuwa na kipima nguvu, wakakiweka vinywani mwa wagonjwa, wakasoma nguvu inayojengeka kila skrubu inapozungushwa.

Waliona kwamba kadiri mtu anavyokuwa mkubwa, nguvu inajilimbikiza na haiishi haraka. Uso wote unagoma. Na hitimisho lao lilikuwa la kushangaza: kizuizi kikubwa si mshono wa katikati. Ni mahali pote pengine ambapo taya la juu linashikana na fuvu.

Fikiria mlango uliokwama. Umehangaika na kitasa mwaka mzima, kumbe kilichoshika kutu ni bawaba. Taya la juu limejishikiza kwenye mfupa wa shavu upande huu na upande ule, kama nguzo mbili nene. Nyuma limeegemea mifupa inayoshuka kutoka kitako cha fuvu. Mtoto ana bawaba laini. Mtu mzima bawaba zake zimekuwa ngumu, na hata ukifungua kitasa mlango hautasogea.

Ukishajua hivyo, swali linabadilika. Badala ya kusukuma kwa nguvu zaidi, legeza bawaba.

Kulegeza huko kuna njia yake iliyochorwa kitambo. Mwaka 1901, daktari wa upasuaji wa Lille, Ufaransa, René Le Fort, alichapisha matokeo ya kupiga vichwa vya maiti kwa nguvu na kuangalia uso unapasukia wapi. Aligundua kwamba uso hauvunjiki ovyo. Una njia zake za kupasuka. Mstari wa chini kabisa unapita juu ya mizizi ya meno, kutoka kwenye tundu la pua hadi nyuma ya taya. Le Fort alikuwa anatafuta kuelewa ajali. Waliomfuata wakaona ramani ya kukatia.

Ila kulikuwa na hofu moja kubwa: ukikata mfupa wote juu ya meno, damu itafikaje kwenye meno? Si taya litaoza? William Bell, akifanya kazi Texas, alijibu swali hilo kwa majaribio ya tumbili mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Alionyesha kwamba mfupa uliokatwa unaendelea kulishwa na damu inayopita kwenye nyama za kaakaa na ufizi, mradi daktari asizichane nyama hizo. Upasuaji mwingi wa taya unaofanywa leo unasimama juu ya jibu hilo.

Na katika miaka hiyohiyo mambo mawili yakakutana. Wazo la kukata mshono wa katikati lilikuwa limeshaandikwa na George Van Ingen Brown mwaka 1938. Mwaka 1975 Lines, na mwaka 1976 Bell na mwenzake Epker, wakaeleza namna ya kukata pia zile nguzo za pembeni, kisha kuiacha skrubu ifanye kazi yake kwa mtu mzima. Mlango ukafunguka.

Njia mbili za kisu

Leo, ukiwa mtu mzima mwenye taya jembamba na mshono uliofunga, kwa kawaida utaelezwa njia mbili za upasuaji. Nitazieleza kama ambavyo ningependa nielezwe mimi siku ile.

Ya kwanza ni ya skrubu inayosaidiwa na kisu. Kifaa kinafungwa kwanza kwenye meno. Unalazwa kwa nusu kaputi. Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya anapasua ufizi juu ya meno, ndani ya mdomo, kwa hiyo usoni hakuna kovu. Anakata mfupa kila upande kufuata ule mstari wa Le Fort. Wengine wanaachanisha na kiungo cha nyuma, wengine wanakiacha. Ubishi huo bado unaendelea. Kisha anaweka patasi nyembamba kati ya meno mawili ya mbele na kuigonga taratibu kurudi nyuma. Anazungusha skrubu palepale mezani kuhakikisha pande zote mbili zinasogea sawa, halafu anairudisha karibu na mwanzo.

Baada ya hapo unasubiri, kwa kawaida siku tano hadi saba, kisha unaanza kuzungusha mwenyewe, kama nusu milimita kwa siku. Mwanya unatokea. Na mfupa mpya unaanza kujaza pengo.

Kwa nini kusubiri, na kwa nini polepole hivyo? Hapa fani ya taya ilikutana na kazi ya Gavriil Ilizarov, daktari wa mifupa aliyefanya kazi katika mji wa Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Ilizarov alionyesha kwamba ukikata mfupa wa mguu, ukasubiri siku chache kidonda kianze kujenga tishu, kisha ukaivuta tishu hiyo kidogo kidogo kila siku, mwili utajenga mfupa mpya katikati. Ukivuta haraka mno, tishu inakatika na mfupa haujengeki. Ukivuta polepole mno, unafunga kabla hujamaliza. Nilisoma kanuni hii darasani kwa habari ya miguu. Sikujua kwamba ipo pia kwenye paa la kinywa.

Kupanua kukiisha, kifaa kinaachwa miezi mitatu hadi sita mfupa ukomae, na waya zinaufunga mwanya.

Njia ya pili ni ya kufanya yote mara moja. Daktari anakata taya lote la juu, analishusha, analigawa vipande viwili au vitatu, anavipanga kwa upana unaotakiwa na kuvifunga kwa vibati na skrubu ndogo za titani. Unaamka taya limeshapanuka. Inafaa hasa kwa mtu ambaye taya lake linahitaji pia kusogezwa mbele au kupandishwa, kwa sababu anaingia chumba cha upasuaji mara moja tu. Tatizo lake ni nyama ya kaakaa. Ni ngumu, haivutiki kwa siku moja, na inarudisha mfupa ulikotoka. William Proffit na wenzake wa North Carolina walipopanga aina za upasuaji wa taya kwa uimara wake mwaka 1996, kupanua taya la juu kwa njia hii kulikaa mwisho kabisa wa orodha. Kwa hiyo mwenye kuhitaji upana mkubwa hupendekezewa ile ya kwanza.

Njia zote mbili zina hatari zake, na usikubali mtu akwambie hazina: kutokwa na damu, ganzi ya ufizi au mdomo wa juu inayoweza kudumu, upande mmoja kufunguka kuliko mwingine, jino la mbele kufa au ufizi wake kushuka, na taya kurudi nyuma kidogo baada ya muda. Madhara makubwa zaidi ni nadra, lakini huu ni upasuaji wa kweli, si usafishaji wa meno.

Umri wa nani?

Sasa turudi kwenye swali lililonikera. Daktari akuone una miaka mingapi ndipo aseme unahitaji kisu?

Ukisoma maandishi ya miaka ile utakuta mmoja anasema 14, mwingine 16, mwingine 25. Tofauti ya miaka kumi na moja si ndogo. Kwa binti wa miaka 20 ni tofauti kati ya skrubu na nusu kaputi.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 kulikuwa na watu waliokwenda kuutazama mshono wenyewe. Birte Melsen, wa Aarhus nchini Denmark, alichunguza chini ya hadubini kaakaa za watu waliofariki wakiwa na umri tofauti, na mwaka 1975 akaeleza namna mshono unavyobadilika. Utotoni ni mpana na mnyoofu. Baadaye unaanza kujipinda. Kufikia mwisho wa ujana pande mbili zimeingiliana kama vidole vya mikono iliyofumbatana. Hata kabla haujaziba kabisa, umeshajifunga kwa kupishana.

Miaka miwili baadaye, Persson na Thilander wa Sweden wakatazama kaakaa za watu wa miaka 15 hadi 35. Walikuta binti wa miaka 15 ambaye mshono wake ulikuwa umeanza kuziba. Walikuta pia mwanamke wa miaka 27 ambaye wake haukuwa na dalili hiyo.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Miaka 27. Mwaka mmoja zaidi ya niliokuwa nao mimi siku ile kwenye kiti cha daktari. Na ilichapishwa mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kabla hata wazazi wangu hawajaoana.

Kwa nini basi watu waliendelea kuuliza umri? Kwa sababu ushahidi wa Melsen na wa Persson ulitoka kwa maiti. Huwezi kumkata aliye hai ili ujue kama anahitaji kukatwa. Eksirei ya kawaida nayo inabana kila kitu kwenye bapa moja, mifupa ya pua inakaa juu ya mshono na huoni kitu. Umri ulikuwa kipimo kibovu, lakini ndicho pekee kilichokuwepo.

Skrubu ndani ya mfupa

Mambo matatu yamebadilika tangu hapo.

La kwanza ni mahali pa kushikia. Kifaa cha Angell kilishika meno, na meno yakishikwa yanalala. Mwaka 1999, Maurice Mommaerts wa Ubelgiji alieleza kifaa kinachokaa juu ya mfupa wa kaakaa wenyewe, bila kugusa meno, kikitumika pamoja na upasuaji. Nguvu ikaenda moja kwa moja inakotakiwa.

La pili ni kuondoa kisu kwa baadhi ya watu. Mwaka 2010, Kee-Joon Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Seoul, walichapisha habari ya mgonjwa wa miaka 20 waliyempanulia kaakaa bila kukata mfupa, kwa kifaa kilichofungwa kwa skrubu ndogo zilizopigwa kwenye mfupa wa kaakaa kwa ganzi tu. Mshono ulifunguka. Mwaka 2016, kundi la chuo hichohicho likaripoti vijana 69, wastani wa umri miaka karibu 21, na kwa 60 kati yao mshono ulifunguka. Tisa haukufunguka. Zisome namba zote mbili. Hiyo 60 inasema kwamba "umechelewa" haikuwa kweli kwa wengi wao. Hiyo tisa inasema kwamba kwa wengine kisu bado kina kazi, na kadiri umri unavyopanda ndivyo nafasi ya kufanikiwa bila kisu inavyopungua.

La tatu ni picha. Skani ya pande tatu inaweza kuuonyesha mshono wa mtu aliye hai, na mwaka 2013 Fernanda Angelieri na wenzake waliugawa katika hatua tano, kutoka A hadi E. A ni mstari mnyoofu. C ni mistari miwili iliyokaribiana. D umeshaziba upande wa nyuma. E umeziba mpaka mbele. Kipimo hiki si kamilifu, kusoma picha hizo kunahitaji jicho lililozoea, lakini sasa angalau kuna cha kutazama zaidi ya tarehe ya kuzaliwa.

Na kuna sababu mpya ya watu wazima kuuliza. Mwaka 1998, watafiti wa Sydney waliripoti watu wazima vijana kumi wenye taya jembamba ambao pumzi zilikuwa zinakatika usingizini. Walipanuliwa taya, baadhi kwa msaada wa upasuaji, na tisa walisema kukoroma na usingizi wa mchana vimepungua. Ni watu kumi tu, usijenge ghorofa juu yake. Lakini imefungua njia ambayo wengine wanaifuata mpaka leo.

Tahadhari moja, kisha ya kwangu

Historia hii ina watu wanaoitumia vibaya. Kuna matangazo yanayouza vibati vya plastiki vya kuvaa na kuvua, yakiahidi kumkuzia mtu mzima taya bila daktari bingwa na bila kisu. Sasa unayo silaha ya kuyapima. Uliza swali la mwaka 1860: mwanya uko wapi? Picha inayoonyesha mfupa umefunguka iko wapi? Kama kilichosogea ni meno peke yake, hilo ndilo kosa lililowaumiza watu wazima miaka ya 1960, limerudi na bei mpya.

Mimi, mwaka jana, nilimpata daktari bingwa mwingine. Mzee mmoja mpole, hakuniuliza umri mpaka mwisho. Alituma nipigwe skani, akageuza kompyuta ili nami nione. "Binti, huu hapa mshono wako," akasema, akipitisha kalamu juu ya kioo. Mbele ulikuwa mistari miwili. Nyuma mistari ilikuwa imepotea, mfupa mtupu.

Hatua D. Skrubu peke yake, alisema, ana mashaka nayo. Upasuaji wa njia ya kwanza unawezekana, na anadhani utanisaidia kutafuna. Kuhusu kukoroma hakutaka kuniahidi kitu. Akanipa muda nifikirie.

Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa sahihi? Kwa njia moja, ndiyo: kwa kile kifaa cha watoto, nimechelewa. Lakini alitazama umri akafunga faili. Wa pili alitazama mfupa akanionyesha mlango ulio wazi na gharama ya kuupita, ya fedha na ya mwili. Uamuzi ukabaki kuwa wangu. Nimeshaamua. Nitafanya baada ya kukabidhi kazi ninayoiandika sasa, na mama ameshasema atakuja kukaa nami wiki zile za uji.

Ukiambiwa umechelewa, usigombane na daktari. Muulize tu maswali haya manne. Umeutazama mshono wangu, au umri wangu? Tatizo langu ni la meno au la mfupa? Ukinipanua, ni nini kitakachoshikwa, meno au mfupa? Na nikiacha kama nilivyo, nitapoteza nini?

Hilo la mwisho lina uzito sawa na mengine. Wapo ambao jibu lake ni "hakuna", nao warudi nyumbani wakale nyama choma kwa amani.